Shikamoo ya Mzee Bartolomayo

Wallahi, kisa hiki ni cha kweli tupu. Nikitia chumvi, ugali unikwame kooni.

Harithi aliuza unga wa uwele sokoni Majengo. Siku moja akaja binti mwenye mtandio wa zambarau, Rukaya, anahemea makao ya wazee ya Nzuguni alikokuwa mhudumu.

"Unga wote huu, mrembo, unamlisha nani?"

"Waume zangu. Utaiweza foleni?"

Akaiweza. Kila Jumapili alikwenda Nzuguni, ati kuwasalimia wazee. Na kila akiingia, Mzee Bartolomayo, aliyemwita Rukaya mkewe kama babu yeyote amwitavyo mjukuu, alimpokea kwa fimbo: "Mwizi wa wake za watu, umerudi?"

Jumapili hiyo Harithi alivaa kanzu iliyonyooka kwa pasi, posa i mdomoni. Mzee akamtazama kwa macho mazito, akamwamkia:

"Shikamoo, baba."

Harithi akachanua. "Umesikia, mpenzi? Leo kanikubali!"

Rukaya akaangusha kikombe. "Toka!"

"Rukaya wangu..."

"Toka nje, Harithi!"

Alikuwa getini, roho imemchubuka, simu ilipolia.

"Umeondoka?"

"Si umenifukuza?"

"Nilitaka nafasi ya kumhudumia mzee. Tafuta bajaji, mpenzi, upesi! Mzee mwenye akili zake amwamkie kijana? Jana kanitania mpaka nikakimbia. Leo hata jina langu halijui. Nesi kampima, pumzi haimtoshi."

Ndani ya bajaji, Rukaya kando yake, Harithi alikipakata kichwa cha mzee. Kila tuta mzee aliguna. Walipofika lami hakuguna tena. Kanzu ikalowa jasho.

"Na mimi nilikuwa nachekelea," akanong'ona.

"Hata mwenzangu wa zamu alisema ni uzee tu. Mshike vizuri!"

Nimonia, daktari akasema. "Wazee wengine homa haipandi, akili ndiyo hutangulia kuyumba. Mmewahi, lakini tusubiri."

Wakasubiri kwenye benchi, vidole vimefumbatana, kila mlango ukifunguliwa wanashtuka. Hatimaye wakaitwa. Mzee, mpira wa oksijeni puani, akafumbua jicho moja.

"We mwizi! Unamshika mkono mke wangu mbele yangu?"

Rukaya akacheka huku analia. Harithi akapiga goti. "Babu, nimekuja kumkomboa. Sema bei."

Rukaya akamfinya. "Kwanza niulize mimi." Kisha, taratibu: "Ndiyo."

Basi Harithi akatoa ng'ombe arobaini, barabara ya Nzuguni ikafungwa nusu siku wapite...

"Ng'ombe arobaini!" Mke wangu Emiliana kumbe anasoma begani kwangu. "Alitoa jogoo mmoja. Tena ukatumwa wewe umfikishie babu, akaishia tumboni mwako."

Haya. Nimeshamfunga miguu jogoo wangu mwenyewe, nampeleka Nzuguni.