Nilimuuliza Mtoto Wetu Yuko Wapi, Akanifundisha Habari za Wateule

Nina miaka ishirini na tisa, na tumbo langu limebeba mtoto mmoja tu. Naishi kwa mama yangu, kijijini Mkiwa, pale njia panda, tunauzia abiria wa mabasi vitunguu na kuku wa kuchoma. Ndiko nilikozaliwa na ndiko nilikorudi. Mdomo ninao, siwafichi... aliyekulia barabarani hafundishwi kusema. Lakini haya yaliyonipata yalinifunga mdomo muda mrefu, na leo nayatoa yote.

Mume wangu Zefania ni fundi simu, Utemini, Singida mjini. Tulikutana kwenye mashindano ya kwaya. Yeye alikuwa anapiga gitaa la besi, na alikuwa mtu wa kucheka jamani, anacheka mpaka anafuta machozi! Tulifunga ndoa kanisani, mama yake akaja kutoka Kinyangiri akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nikasema moyoni, Mungu amenikumbuka.

Miaka ikapita bila mimba. Maneno ya watu mnayajua. Zefa alinitetea kweli, hilo silisahau, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma zaidi.

Fundi simu hakosi bando. Akaanza kusikiliza mahubiri kwenye simu, asubuhi mpaka jioni. Kisha kijana mmoja aliyemaliza chuo Dodoma akamwingiza kwenye kundi la vijana wenzao waliokuwa wakikutana Jumamosi. Mafundisho yao waliyaita Ukalvini. Kwamba Mungu alichagua watu wake kabla dunia haijaumbwa, na ambaye hakuchaguliwa, hata alie machozi ya damu, ndiyo basi tena. Waliochaguliwa ndio wateule.

Mimi nilifurahi! Waume wa wenzangu walikuwa wanashinda kwenye mikeka ya kubeti na pombe, wangu anashinda na Biblia. Nani angelalamika? Laiti ningejua...

Kwanza aliacha kwaya. Alisema nyimbo zetu zinamsifu mwanadamu. Halafu sala ya chakula ikageuka somo, ugali unapoa, mlenda unapoa, yeye bado anaeleza. Mama yangu akipiga simu kusema anatuombea mtoto, Zefa anamrekebisha, eti maombi hayambadilishi Mungu mawazo. Mama mkwe wake, mtu anayemwamkia shikamoo! Na mwinjilisti wetu, mzee aliyembatiza yeye mwenyewe, Zefa alibishana naye mlangoni pa kanisa watu wote wakiangalia. Wenzake wakampongeza kama mtu aliyefunga goli.

Kuna neno walilipenda sana, neema. Huyu hajaelewa neema, yule hajaelewa neema. Mimi niliwaandalia chai kila Jumamosi, wakanywa, wakala maandazi yangu, wakawasema wachungaji wote wa mji huu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza dada umeamkaje. Neema gani hiyo?

Nikavumilia, kwa sababu nilishika mimba! Zefa alipiga magoti akalia kwa furaha. Siku hiyo nilimwona tena yule wa kwaya.

Mtoto alikuja mapema, miezi saba. Zefa alikuwa amekwenda Dodoma kwenye semina ya kundi lao. Alikuja mama yake kutoka Kinyangiri, na unga wa uji na kuku kwenye kikapu, akakaa na mimi wodini. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kama kiganja, lakini alikuwa na nywele nyingi na alinishika kidole. Jamani, alinishika kidole!

Siku ya pili hali ikabadilika. Muuguzi alipotuangalia tu nilielewa. Katika kanisa letu tunafundishwa tangu kipaimara kwamba mtoto akiwa hatarini, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Mama mkwe hakungoja mtu. Aliomba maji, akayamimina kwenye mfuniko wa chupa ya chai, mikono inamtetemeka, akambatiza mjukuu wake. Akampa jina la mama yake mzazi, Naomi. Jua lilikuwa la utosi Naomi alipokata roho kifuani kwangu.

Zefa alifika jioni. Nilikuwa sina kitu kingine cha kumwomba ila neno moja. Nilimshika shati nikamuuliza, "Baba Naomi, mtoto wetu yuko wapi?"

Mwanamke yeyote anayesoma hapa anajua nilitaka kusikia nini. Yuko kwa Mungu. Basi! Hata kama ungekuwa uongo, ningeupokea.

Alinitoa mkono kwenye shati lake. Halafu akasema, "Hatuwezi kujua. Kama alikuwa katika wateule, yupo kwa Mungu. Kama hakuwa, Mungu ni mwenye haki." Mama yake akamwambia mtoto amebatizwa. Akajibu, kwa upole kabisa, kama mwalimu, "Mama, hayo yalikuwa maji tu."

Ule upole ndio ulioniua. Angenipiga ningejua la kufanya.

Tulimzika Kinyangiri. Yule mwinjilisti alifunga safari akaja, pamoja na matusi yote aliyokula mlangoni pa kanisa. Alipoanza kuomba, akisema tunamrudisha Naomi kwa Baba yake, Zefa akainua mkono. Mbele ya kaburi la mwanawe! Akasema ni vizuri watu wafundishwe kweli, tusiseme tusiyoyajua. Watu wakatazamana. Mimi nikakaa chini kwenye udongo.

Mama mkwe aliongea kwanza kwa Kinyiramba, halafu kwa Kiswahili ili wageni nao wasikie. "Zefania, nyamaza! Wewe ulizaliwa huna pumzi, nikakupulizia kwa mdomo wangu huu. Sikuuliza kama umechaguliwa. Leo umeota ndevu unamfungia mjukuu wangu mlango?"

Akachota udongo yeye mwenyewe, akaanza kumzika mtoto. Wanawake wakaimba.

Baada ya msiba nilikusanya nguo zangu nikaenda Mkiwa. Zefa alinifuata mara moja tu, akiwa na kiongozi wao, yule wa chuo. Badala ya pole nikapewa mistari. Niliwaambia waondoke kabla sijawamwagia mafuta ya kuku, na nilikuwa simaanishi utani.

Kilichofuata nimekisikia kwa mama mkwe. Kumbe Zefa msiba ulikuwa haujamfikia bado. Ulimfikia mimi nilipoondoka, nyumba imenyamaza. Akaanza kulia kwenye vikao vyao. Mara ya kwanza walimvumilia. Halafu wakaanza kumwambia kwamba mtu anayelia hivyo hajaikubali mipango ya Mungu, na asiyeikubali ajichunguze, huenda hakuwa miongoni mwa wateule tangu mwanzo... Kipimo alichompimia mwanangu, wenzake wakampimia yeye! Jumamosi zikakoma. Wale wanywa chai hakuna aliyepita hata kumjulia hali. Akafunga kibanda cha simu, akaacha kula, akawa anarudia swali moja mchana kutwa.

Mama mkwe akaja Utemini kumuuguza, kisha akanipigia. "Mwanangu, njoo umwone mwenzako. Kwangu hataki kusikia."

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mashavu yameingia ndani, ndevu hazina mwenyewe. Hakunisalimia. Aliniangalia kama mtu anayeangalia daktari akauliza, "Mama Naomi, unadhani mimi nimechaguliwa?"

Wasomaji, ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema Mungu anakupenda, kula uji. Mwanangu aliyelala Kinyangiri alinijia machoni, na zile nywele zake. Nikamjibu, kwa upole kabisa, "Hatuwezi kujua."

Alilia kama ng'ombe anayechinjwa. Na mimi nilisikia utamu... ndiyo, nasema kweli, nilisikia utamu! Ulidumu mpaka nilipogeuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni na bakuli la uji, amesikia yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na wewe mwanangu, umekuwa mwanafunzi wake?"

Akanipita. Akaketi chini na mwanawe, akamweka kichwa mapajani kama mtoto wa kunyonya, akaanza kumnywesha uji kijiko kwa kijiko, akimwambia wewe ni wa Mungu, meza, wewe ni wa Mungu, meza.

Utamu wote ukageuka shubiri mdomoni mwangu.

Sijarudi kwa Zefa, na sijui kama nitarudi. Hasira bado ninayo. Nawachukia wale vijana, nikiwaona na vitabu vyao nageuza njia, na kama hilo ni dhambi nitaulizwa mimi. Lakini ule ukatili walioleta nyumbani kwangu niliukuta kinywani mwangu mwenyewe, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Vijana wenzangu, nawasihi. Someni, bishaneni, hakuna aliyewakataza. Lakini ukikutana na mama amepakata maiti ya mwanawe akakuuliza yuko wapi, usimfundishe! Lia naye. Kama machozi huna, nyamaza, au nenda nje ukachote maji ya kuoshea mtoto. Na ninyi dada zangu, mchumba anayejua nani ataokoka na nani hataokoka, lakini hajui kukupa pole kichwa kikikuuma, mwacheni aende na wateule wenzake.

Mimi teolojia sijasoma. Nauza vitunguu. Lakini yule mtoto alinishika kidole, bibi yake alimmwagia maji kwa mkono unaotetemeka, na Naomi yuko kwa Mungu. Nasema mwenyewe, bila kumuuliza mtu.