Mvua Inapopiga Mabati ya Kibuye

Kibanda chetu kiko soko la Kibuye, Kisumu, upande wa mitumba. Mama anauza mashati na sweta. Mimi, Sheila, napiga pasi na kutundika. Kaka yangu Kahiga anakunja. Anakunja vizuri mpaka shati kuukuu linaonekana limetoka dukani leo.

"Ungeweza kukunja na maneno ya Mama, nyumba yetu ingekuwa na nafasi," nilimwambia asubuhi moja.

"Hayo hayakunjiki," akasema. "Yana waya ndani."

Mama alicheka kidogo. Kisha akarudi kwenye kazi yake kubwa ya siku hizo. Kazi hiyo ilikuwa kumlinda Kahiga kama yai.

Zamani Kahiga alifanya biashara ya samaki. Yeye na rafiki yake Brandon walinunua samaki Asembo Bay, wakawaleta ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, kwa boti. Siku moja mvua kubwa iliwakuta ziwani. Boti ikapinduka. Kahiga aliokolewa. Brandon alizama.

Baada ya hapo Kahiga alianza kunywa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Kwanza jioni tu. Baadaye hata kabla ya chai ya asubuhi. Alipotaka kuacha, daktari alimlaza hospitalini kwanza. Alituambia mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla, bila dawa, mtu anaweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Kisha Kahiga akakaa kwenye kituo cha matibabu, akarudi nyumbani.

Mke wake, Aoko, alikuwa kwao Bondo na mtoto. Aliondoka bila kumtukana mtu. Alisema tu, "Nitakuja kuangalia. Nikiona amesimama, tutarudi. Nikiona uongo ule wa zamani, msinitafute tena."

Kwa hivyo Mama aliweka sheria. Kahiga asiende Dunga. Asikaribie ziwa. Jina la Brandon lisitajwe mbele yake. Akae katikati ya kibanda, chini ya mabati, na Mama akae mlangoni.

"Adui yuko Dunga," Mama alisema. "Huku Kibuye hamfikii."

Lakini alimfikia. Alasiri moja ya mvua Kahiga alisema anaenda chooni. Alirudi jioni, ananuka chang'aa.

Mama alilia. "Nani amekupa? Ni wale wa Dunga?"

"Hakuna aliyenipa, Mama."

"Basi kwa nini umekunywa?"

"Sijui."

"Mtu mzima na ndevu zako, hujui?"

"Haki, sijui."

Mama hakumwamini. Mimi nilimwamini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. Nikajiuliza: kama yeye mwenyewe hajui, nani atajua? Nikaamua kuangalia. Sokoni kila kitu kina kodi, lakini kuangalia ni bure.

Nilianza na wenzake wa zamani wa pombe. Walipita wakimtania, "Kahiga, siku hizi wewe ni mchungaji?"

"Ndiyo. Leteni sadaka!" akawajibu. Walicheka, wakaenda. Hakuwafuata. Basi si wao, nikasema moyoni.

Kisha siku moja mawingu meusi yalitokea upande wa ziwa. Kahiga akachukua shati moja, la mistari ya kijani. Akalikunja. Akalikunjua. Akalikunja tena. Mvua ikaanza kupiga mabati. Kibuye mvua ikipiga mabati, hata mteja na muuzaji wanaongea kwa vidole. Mama alikuwa anamwambia Kahiga kitu. Mimi niliona mdomo wake tu unafunguka na kufungika. Kahiga aliutazama ule mdomo. Akaweka shati chini, akapenya nyuma ya kibanda, akapotea.

Siku hiyo pia alirudi amelewa.

"Sasa namfungia ndani na kufuli," Mama alisema. "Aoko anakuja Jumamosi. Tutamwambia ana malaria."

Sikubishana. Nilienda kwa Lornah, jirani yetu mtaani Manyatta, tunakoishi. Lornah ni mhudumu wa afya ya jamii. Alikuja nyumbani kesho yake asubuhi, Kahiga akiwa hana pombe kichwani. Hakukaa mbele yake kama askari. Alikaa kando yake, wote wakitazama jiko.

"Omera, ndugu yangu, pole," alisema.

"Pole ya nini? Nimejiletea mwenyewe."

"Hata aliyejikata kwa kisu chake, kidonda tunakifunga."

Mama aliruka. "Lornah, usimbembeleze! Ameharibu kila kitu. Tumerudi mwanzo kabisa."

"Mama Kahiga, ukienda Kondele uteleze kwa matope, unarudi nyumbani kuanza safari upya?"

"Kwani mimi ni mjinga? Nainuka, naendelea."

"Na yeye ainuke. Ila lazima tujue alikanyaga nini." Akamgeukia Kahiga. "Kabla ya kikombe ulikuwa wapi?"

"Njiani."

"Kabla ya njia?"

"Kibandani."

"Kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu. Nguo tu. Mvua."

"Na shati," nikasema.

Wote wakaniangalia.

"Mawingu yakija unakunja shati moja, tena na tena. Mvua ikipiga mabati unamwangalia Mama mdomo. Halafu unaenda."

Kahiga aliitazama mikono yake.

"Si lazima useme," Lornah alimwambia. "Na ukisema, sema unachoweza."

Kahiga aliongea polepole. "Brandon alikuwa ananiita. Alikuwa karibu, kama hapo mlangoni. Niliona mdomo unaita. Mvua ilipiga maji, sikusikia sauti. Mpaka leo sijui aliniambia nini."

Mama aliweka kikombe chini. "Na mimi nikakuweka chini ya mabati," alisema. "Katikati kabisa. Nikidhani nakuficha."

Mimi niliuliza, maana swali lilikuwa linaniwasha. "Lakini boti ilipinduka zamani. Kwa nini mvua ya leo imsumbue?"

"Akili iliyopata mshtuko mkubwa haijui tarehe," Lornah alisema. "Ikisikia sauti ile, inadhani ni sasa hivi. Mwili unaogopa. Unakumbuka kitu kilichouzima woga zamani, unakiomba tena. Hamu yake ni woga uliovaa nguo ya kiu."

"Na ikija, inakaa mpaka anywe?"

"Hapana. Inapanda kama wimbi, inafika juu, inashuka. Hata asipokunywa inashuka. Kazi yake ni kuingoja."

"Kungoja akishika nini?" niliuliza.

"Swali zuri. Ashike kitu cha hapa. Akanyage chini kwa nguvu. Anawe uso kwa maji baridi. Ataje anavyoviona: sweta, ndoo, pasi. Avute pumzi, aitoe polepole sana. Hapo anaiambia akili: hapa ni Kibuye, si ziwani. Na asiwe peke yake. Pia ale, alale. Mwenye njaa na usingizi anashindwa haraka."

Kahiga aliinua kichwa. "Boti ya mbao inavuja kila siku," alisema. "Hungoji maji yafike magotini. Yakifika kifundoni tu, unachukua mtungi uliokatwa, unayamwaga nje."

"Sasa maji yako yakifika kifundoni, utajuaje?" Lornah aliuliza.

"Shati," Kahiga alisema, kama mtu aliyepata kile alichosahau. "Lakini nitawaambiaje? Kwa mvua ile hakuna atakayenisikia." Alifikiri. "Nitawapa shati. Nikikupa shati, usiniulize kitu. Kaa na mimi tu."

"Nisiulize hata kidogo?" Mama aliuliza.

"Hata kidogo."

"Hiyo ni ngumu kuliko kuacha pombe!"

Tukacheka, hata Kahiga. Lakini Lornah hakumaliza. Alisema habari ya boti inahitaji mshauri aliyesomea mambo hayo, na kwamba atampeleka kliniki yeye mwenyewe. Kisha akauliza, "Na Aoko? Mnaendelea na ile malaria?"

Mama aliangalia ukuta. Kahiga alichukua simu.

"Aoko, nimeteleza. Nimekunywa. Sasa najua kwa nini, na kesho naenda kliniki."

Simu ilikuwa kwenye spika, tukasikia wote. "Umeniambia mwenyewe," Aoko alisema. "Basi nitakuja Jumamosi, niangalie kwa macho yangu."

Kesho yake alienda kliniki na Lornah. Ikaja Jumamosi. Jua liliwaka mpaka alasiri. Kisha yakaja mawingu.

Nilimwona Kahiga akichukua shati la mistari ya kijani. Akalikunja. Akalikunjua. Mvua ikamwagika juu ya mabati, sauti zote za soko zikazama. Kahiga akatazama ule mwanya wa nyuma ya kibanda. Mama aliinuka kwenda kuuziba. Nilimshika mkono. Akasimama hapo hapo.

Kahiga alipiga hatua moja kuelekea nyuma. Akageuka. Akampa Mama shati.

Mama alifungua mdomo. Akaufunga. Alimkalisha Kahiga kwenye robota la mitumba, akakaa naye bega kwa bega. Mimi nilileta ndoo ya maji. Kahiga alinawa, akakanyaga chini, akashika pindo moja la shati. Mama alishika lingine. Walilikunja pamoja, wakalikunjua, wakalikunja, jasho likimtoka kaka yangu kama mtu anayesukuma mkokoteni.

Aoko aliingia akiwa amelowa, mtoto mgongoni chini ya nailoni. Alisimama mlangoni, akaangalia. Mvua ilipopungua, sauti za soko zilirudi moja moja. Kahiga alikuwa bado amekaa pale.

"Ninyi," Aoko alisema, "mnalifanya nini hilo shati?"

Kahiga alimsogezea nafasi kwenye robota. "Kaa," alisema. "Nikuambie habari ya Brandon."

Aoko alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa Kahiga, akakaa kusikiliza.

Yeye na mtoto hawakurudi Bondo. Kahiga bado anaenda kliniki, na mvua za masika zilipokuja shati lilipita mkono hadi mkono. Wiki iliyopita mteja mmoja alilivuta, akalipenda.

"Hili la kijani, Mama, bei gani?"

Mama anauza kila kitu. Siku moja aliuza hata sweta niliyokuwa nimevaa.

"Chagua lingine, Baba," alimwambia. "Hilo lina kazi."