Kanda ya Nne

Jua lilikuwa limeshaegemea majabali Sinan alipovuka daraja la Aija, kule Sur, mkononi ana kanda moja ya video ndani ya mfuko wa nailoni, na moyoni ana uongo mmoja. Kanda ilikuwa ya mama yake. Uongo ulikuwa wake mwenyewe.

"Naipeleka ikanakiliwe," ndivyo alivyomwambia asubuhi, kule nyumbani Ibra. "Nikutilie kwenye simu, mama, uitazame utakapo."

Bi Alya aliishika ile kanda kidogo kabla ya kuiachia. "Usije ukanipotezea, mwanangu. Huyo ndiye Laith niliyebaki naye."

Laith alikuwa mdogo wake Sinan. Gari lake lilichukuliwa na wadi, bonde kavu linalogeuka mto, siku ya mvua kubwa, akitoka Sur kuja Ibra. Walipompata, uso haukuwa wa kutazamika. Walimjua kwa saa na kwa kanzu, na Sinan mwenyewe aliingia kaburini kumpokea. Kwenye ile kanda Laith bado mtoto, anawamiminia wageni kahawa. Baba yao anatikisa kikombe, kama adabu inavyotaka mtu akishatosheka, lakini Laith anamimina tena, makusudi, na barza nzima inaangua kicheko. Mchezo huo hakuuacha hata alipoota ndevu. Kila Ijumaa baada ya alasiri Bi Alya huitazama kanda yake, na hucheka pale pale.

Sasa utauliza, mtu mzima, mwenye cheo chake ofisi ya serikali, anamnyang'anyaje mama yake kitu kama hicho? Tamaa mbele, mauti nyuma. Sinan aliijua methali hiyo vizuri sana, alikuwa akiwaambia wengine.

Alikuwa akikusanya filamu za Kijapani za majambazi, zile ambazo hazikuwahi kupita sinema. Zilitengenezwa moja kwa moja kwa kanda za video, zikajaa maduka ya kukodisha kule kwao, kisha maduka yakafa nazo. Maradhi hayo yalimwanza udogoni, mhandisi mmoja wa Kijapani alipomwachia baba yao katoni nzima wakati anarudi kwao. Yeye na Laith walizitazama bila kufahamu neno, wakawatilia majambazi maneno yao wenyewe, kwa Kiswahili cha bibi yao wa Unguja. Jambazi kamwekea mwenzake kisu cha shingo, na Laith anamsemea: "Hebu rejesha sufuria ya watu!" Walicheka mpaka wakalia.

Waliyoipenda kuliko zote ni ile ya jambazi asiyevua glavu. Ilikuwa ya mfululizo, na katoni ilikuwa na sehemu zote isipokuwa ya nne. Waliitafuta pamoja miaka na miaka. Laith alipokufa Sinan akaendelea peke yake, akijiambia kwamba anamtafutia ndugu yake.

Ndipo ukamfikia ujumbe kwenye simu. Mtu mmoja wa Aija, ajiitaye Shihab. *Ninayo ya nne. Siuzi, nabadilisha. Niletee kanda yenye watu wako, na isiwe na nakala.*

Azza, mkewe, aliusoma, akaurudia. "Hataki riali. Anataka sura za watu. Yakhi, hilo halikutii shaka?"

"Sisi wakusanyaji ndivyo tulivyo. Kitu chenye nakala hakina ladha."

Hapo ndipo alipokosea. Mtu mwingine yeyote angelisikia sharti lile angelikimbia. Sinan alilifahamu, kwa sababu hata yeye nakala huzidharau.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Alipiga hodi, akasikia "tafadhal", karibu, kutoka ndani, sauti ya chini sana. Alivua viatu akaingia majlisi, chumba cha wageni. Shihab alikuwa amekaa mbele ya mito, hakuwa mzee wala kijana, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inang'aa. Pembeni yake pana televisheni na deki, na juu ya deki...

Sehemu ya nne.

Jambazi wa glavu alikuwa pale kwenye gamba, na kibandiko cha duka la kukodisha bado hakijabanduka. Sinan alihisi mate yamemjaa mdomoni. Akaionea haya nafsi yake.

Nje kuliadhiniwa maghribi. Sinan alingoja mwenyeji ainuke. Shihab hakuinuka, wala hakuitikia adhana, hata midomo hakuitikisa.

"Umekuja nayo?" akanong'ona.

Sinan akatoa kanda ya mama. Shihab aliipokea kwa mikono miwili, akainusa. Ndipo Sinan naye alipoivuta harufu ya chumba kile. Juu ilikuwa harufu ya udi mzuri, wa bei. Chini yake mlikuwa na kitu kingine, kitu alichokijua...

Tope. Tope la wadi, siku maji yanapokwisha kupita.

Pazia likafunguka. Akaingia mtumishi na buli la kahawa, amejitanda shali uso mzima, yameachwa macho tu, na macho yenyewe ameyainamisha. Miguu yake mitupu iliacha alama mbichi kwenye zulia. Sinan alizitazama zile alama. Mvua haikunyesha Sur mwaka huo.

Akamiminiwa, akanywa. Kahawa ilikuwa ya baridi. Akatikisa kikombe.

Mtumishi akammiminia tena.

Labda hakuona. Sinan akanywa kwa adabu, akatikisa kwa nguvu zaidi.

Akamiminiwa tena.

Mtumishi hakuondoka. Alisimama pale pale, karibu kabisa, na maji yakamdondoka kwenye ukingo wa kanzu... tiki... tiki...

Bibi yao alikuwa akiwasimulia, Sinan na Laith, wakiwa wamejifunika shuka moja. Watu wa huku wana neno lake: *mughayyab*. Mtu anazikwa mbele ya macho ya watu, watu wanarudi matangani, kumbe mchawi kamchukua mwenyewe na kaburini pameingia kiinimacho. Yeye huko aliko anatumikishwa. "Mkimwona mkamjua," bibi akisema, "msiogope. Mshikeni mkono, mwiteni kwa jina lake na la mama yake. Lakini kabla udi haujapita. Udi ukishapita, mgeni huondoka na alichopewa, basi." Kwani nani asiyejua, hata katika nyumba za watu wema, kwamba baada ya udi hakuna kikao?

Mkono ulioshika buli ulikuwa hapo, wa kuushika tu.

"Wamjua mtumishi wangu?" Shihab akauliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

Sinan aliogopa, na huo ni ukweli. Vilevile aliona aibu: amshike mkono mtumishi wa watu, amwite kwa jina la maiti, na ikiwa siye? Lakini hofu na aibu zisingetosha kumziba mdomo. Macho yake yalikwenda juu ya deki. Akajua, bila ya kuambiwa, kwamba akijibu ndiyo, ile kanda ya nne haiondoki pale.

"Simjui," akasema.

Mtumishi aliinua macho mara moja, kisha akayainamisha. Akageuka na buli lake.

Shihab akapiga makofi, na chetezo cha udi kikaletwa. Moshi ukapita mbele ya uso wa Sinan, ukaingia ndevuni na kwenye kanzu. Akainuka na sehemu ya nne kwapani, akaaga, na mpaka anafika kwenye gari alikuwa akitembea kwa mwendo wa kawaida.

Njia nzima kurudi Ibra alijipa maneno. Watumishi wangapi hawajui kumimina kahawa? Bomba likipasuka jikoni, mtu hatatota miguu? Lakini alipopita mahali wadi lilipomchukua Laith, hakuthubutu kutazama pembeni, na kanda iliyokuwa kwenye kiti cha abiria ilikuwa imeanza kuvuja maji.

Azza alimpokea mlangoni, ameshika ncha ya shela yake. "Mama ana mgeni? Sikumwona mtu kuingia. Namsikia anacheka tu."

Sinan alikwenda mbio chumbani kwa mama. Televisheni ilikuwa imezimwa. Bi Alya amekaa mkekani, amevaa nguo zake za sikukuu, mbele yake vikombe viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ungeliwahi kidogo." Uso wake ulikuwa umefurahi, furaha ambayo Sinan hakuiona tangu mazishi. "Laith kaja. Nimetikisa kikombe, kanimiminia tena, mtukutu yule yule." Akacheka, pale pale anapocheka siku zote. Kisha kicheko kikamkatika.

"Kasema leo umemwona. Kasema umeulizwa kama wamjua." Akamkazia macho. "Ulijibu nini, Sinan?"

Harufu ya tope ilikuwa imejaa chumba, na nyayo mbichi zilitoka mlangoni zikaingia nyuma ya pazia. Hazikurudi. Pazia lilikuwa likitikisika kidogo. Sasa, akajiambia, sasa nitamwita. Akapiga hatua, akanyoosha mkono, akafumbua mdomo.

"Laith, mwana wa Al..."

Moshi ukatokeza chini ya pazia. Udi mzuri, wa bei.

Bi Alya aliuvuta kwa pumzi ndefu, akajipukutia magoti, akaanza kutafuta viatu vyake, kama mgeni anayeaga.

"Haya," akasema. "Baada ya udi hakuna kikao."