Mikono ya Gwantwa

Kisomamfupa kilishusha miale yake ya kijani juu ya meza, kikapapasa mfupa mmoja baada ya mwingine, kisha kikatamka: "Mwanamume. Miaka thelathini hivi. Mbeba mizigo."

Jiji zima la Mbeya lilijivunia mashine hiyo. Udongo wa maporomoko ya mlima ulikuwa umekula vinasaba vyote, lakini yenyewe ilisoma umbo la mifupa tu na kuwarudisha marehemu kwao. Sekela, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliipenda tangu siku ya kwanza. Leo, hata hivyo, hakulipokea jibu lake.

"Unangoja nini?" aliuliza Daktari Mwaisaka, mwalimu wake. "Bibi yuko nje. Mwambie huyu si dada yake."

"Mwalimu, nyonga ya kuonyesha jinsia haikupatikana. Mashine imekisia kwa unene wa mikono. Na tazama, mikono yote miwili ina nguvu sawasawa. Mbeba mizigo hutumia zaidi upande mmoja. Huyu alikuwa anatwanga."

"Nani anatwanga siku hizi, Sekela?"

"Hakuna. Ndiyo maana mashine haijui."

Mwalimu akakuna kidevu. "Haya, thibitisha."

Sekela akatoka, akarudi amemshika mkono Bibi Tupokigwe, aliyekuwa akimtafuta dada yake Gwantwa tangu mlima ulipoporomoka enzi za ujana wao.

"Samahani, Bibi, weka mikono yako hapa. Haiumi."

Miale ikapita. "Mwanamume. Mzee. Mbeba mizigo."

Bibi akacheka mpaka akashikilia meza. "Mwanamume! Watoto saba nimezaa, lione hili!" Kicheko kikamwishia taratibu. "Mimi na Gwantwa tulitwanga kwenye kinu kimoja, kwa michi miwili, zamu kwa zamu. Siku moja alicheka hivi hivi, akapoteza mdundo. Mchi ukamvunja kidole gumba cha kushoto."

Sekela akainua kifupa kidogo cha kidole gumba, kilichounga kikiwa kimepinda. Bibi akakipokea kwa viganja viwili.

"Gwantwa," akasema. "Twende nyumbani."

Alipofuta machozi, aliona makasha yaliyojaa ukutani, kila moja limeandikwa: *Mwanamume. Hajulikani.*

"Na hawa je?"

Daktari Mwaisaka, aliyeiunda mashine ile kwa mikono yake, aliyatazama makasha hayo moja moja. Kisha akachomoa funguo za makasha na kumkabidhi Sekela.

"Anza kuwasoma upya, Daktari," akasema, akimwita hivyo kwa mara ya kwanza. "Mimi nitamwomba Bibi aifundishe mashine yangu kutwanga."