Ncha ya Mkanda

Kila alasiri akitoka shule, Sindano alivua sare, akala alichoachiwa jikoni, kisha akaburuta karai kubwa hadi uani. Kazi yake ilikuwa kusuuza vifaa vya mama kwa maji safi na kuvianika kivulini. Jina la Sindano alipewa na mjomba wake. Kwanza, alikuwa mwembamba. Pili, vidole vyake viliweza kupenya popote: kwenye tundu la uzi, kwenye fundo la kamba lililokaza, hata kwenye kopo la sukari lililofunikwa.

Mama yake alikuwa mpiga mbizi. Hakuwa mtu wa kuogelea kwa starehe, la. Alivaa suti nene ya mpira, akabeba mtungi wa hewa mgongoni, akazama chini ya gati kukagua nguzo zilizobeba gati lile. Maji ya huko yalikuwa na tope jingi, hivyo kazi aliifanya kwa kupapasa. Mjomba, kaka yake mama, alibaki juu akishika kamba iliyofungwa mwilini mwa mama. Kamba hiyo ndiyo iliyokuwa simu yao. Mjomba akivuta mara moja, alikuwa anauliza, “Uko salama?” Mama akivuta mara moja, alikuwa anajibu, “Niko salama.”

Nyumbani waliishi wawili tu, Sindano na mama. Kwa hiyo mama alipozama, ulimwengu wote wa Sindano ulizama naye.

Alasiri moja mama alirudi na boksi zito. Kizibao chake cha kuzamia kilikuwa kimechakaa na kushonwa mpaka hapakuwa na pa kushona tena, na sasa ofisi ilikuwa imempa vifaa vipya. Alivitandaza mkekani kimoja kimoja: bamba la chuma linalong'aa, mfuko wa hewa mweusi, na mkanda mmoja mrefu, mgumu, usio na mshono.

“Tazama,” mama alisema, akipiga magoti. “Bamba linakaa mgongoni. Mtungi unafungwa nyuma yake, na mfuko huu unakaa katikati. Nikiujaza hewa unaniinua, nikiitoa nashuka. Sasa, kinachoshika vyote hivi mwilini mwangu ni mkanda huu mmoja. Unaanzia kiunoni, unapanda bega hili, unapita kwenye bamba, unashuka bega lile, unarudi kiunoni.”

“Mmoja tu?”

“Mmoja tu. Ndiyo maana hatuufanyii mchezo.”

Walipenyeza mkanda kwenye matundu ya bamba pamoja. Mama alilivaa bamba juu ya gauni lake, akamwambia Sindano apitishe ngumi kati ya mkanda na kifua. Ngumi ilipokwama, walilegeza. Ilipopita kwa raha, walikaza vibanio. Sindano alikuwa na furaha ya fundi aliyepewa kazi ya kweli.

Kabla hawajafika kiunoni, simu ililia. Alikuwa Mjomba. Tishari moja la mizigo lilikuwa limegonga nguzo ya gati, na wakubwa walitaka nguzo ikaguliwe kesho yake asubuhi na mapema. Mama alisimama, akachukua mtungi ili akaujaze hewa.

“Malizia kiunoni,” alisema mlangoni. “Ncha ya kulia ipite kwenye bizimu lile la kufungia, kisha irudi, ipite tena. Ikipita mara moja tu itakudanganya. Hapa nyumbani itashika, kwenye maji itateleza. Na mkasi usiuguse. Tutakata nikishavaa suti.”

“Sawa, mama.”

Sindano alipitisha ncha, akairudisha, akaipitisha tena. Bizimu liliuma vizuri, kama bizimu la mkanda wa suruali. Lakini ncha zote mbili zilikuwa ndefu mno, zinaning'inia kama mikia ya ng'ombe. Hazikumpendeza. Alimwaza mama akirudi na kukuta kazi imekwisha, imenyooka, haina cha kuongeza. Akalitoa gauni moja la mama msumarini, akalipima kiuno, akachukua mkasi. Akakata kulia. Akakata na kushoto ili zilingane. Akaziunguza ncha kwa mshumaa zisichambuke, kama alivyomwona mama akifanya.

Wakati huo ndipo alipoikumbuka suti.

Aliitoa mbio kutoka kambani, akaijaza mito, shuka na sweta mpaka ikawa mama wa mito, mnene, asiye na kichwa. Siku nyingine angecheka. Akalivika lile limama bamba na mkanda, akavuta. Ncha hazikutosha. Akavuta kwa nguvu zake zote, akaegemeza goti kwenye tumbo la mito. Wapi! Mkanda ulifika kwenye bizimu, ukapita mara moja, ukaishia hapo. Cha kurudisha hakikuwepo.

Alizitazama zile ncha alizokata zikiwa sakafuni, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba mkasi hauna njia ya kurudi. Akazikusanya, akazisukuma chini ya godoro. Kisha, Mungu amsamehe, akachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, ambacho mama alikitumia kubania ncha za mikanda, akakivisha pale penye bizimu. Kilifunika kila kitu. Ukitazama, ungesema mkanda umerudishwa. Mito akairudisha kitandani, na suti kambani.

Mama aliporudi alikuwa amechoka. Aliinua bamba, akalitikisa, akaligeuza huku na huku.

“Umekata?” aliuliza.

“Kidogo tu. Nilipima kwanza kwa suti.”

“Nilikwambia usubiri, Sindano.” Lakini aliutazama mkanda uliolala vizuri, akatabasamu. “Haya. Ncha umeirudisha kwenye bizimu?”

Sindano aliitikia haraka. “Nimeirudisha.”

“Mikono yako ni dhahabu, mwanangu. Hata mimi nisingefunga vizuri hivi.”

Sifa ile ilimfunga mdomo kuliko woga. Ukweli ulifika kooni, ukakutana na sifa, ukarudi ulikotoka. Nitamwambia asubuhi, alijisemea. Asubuhi alipoamka alikuta chai kwenye chupa, na mama ameshaondoka.

Darasani, mwalimu wa hesabu alikuwa akiandika ubaoni. Sindano hakuona namba. Aliona bizimu. Kila kalamu ilipoteleza mezani, yeye aliona ncha ikiteleza. Mikono yake ya dhahabu ikawa baridi. Mwisho alisimama bila kunyoosha kidole.

“Mwalimu, tumbo linaniuma. Naomba ruhusa niende nyumbani.”

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. Alikuwa mama wa makamo, mkali, aliyewahi kusikia matumbo ya kila aina. “Nenda ukanywe maji, ulale ofisini. Likizidi tutaona.”

Sindano alifika mlangoni. Maji! Yeye akanywe maji, huku mama anakufa majini? Aligeuka mbele ya darasa zima na machozi yakamwagika.

“Tumbo haliniumi, mwalimu. Nimesema uongo. Na jana nilisema uongo. Mama yangu yuko chini ya maji na mkanda wake haujafungwa. Najua kwa sababu niliufunga mimi!”

Mwalimu hakuuliza mara mbili. Aliweka chaki chini, akamshika mkono, wakatoka nje. Alipiga namba ya Mjomba aliyotajiwa na Sindano, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

“Hatapokea,” Sindano alilia. “Akishika kamba haweki kingine mkononi!”

“Basi panda,” mwalimu alisema, akiwasha pikipiki yake. “Nishike kiunoni, na usiniachie.”

Njia nzima Sindano aliomba. Aliomba mama awe amechelewa. Aliomba mtungi uwe mtupu, mvua inyeshe, wakubwa waahirishe. Aliomba hata mama awe ameligundua kosa na amekasirika sana, akimngoja na fimbo. Angeipokea fimbo ile kwa mikono miwili.

Gatini, Mjomba alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kamba mikononi, macho kwenye maji.

“Ehee! Sindano! Leo shule imehamia huku?” alitania. “Mwalimu, karibu, ndoo nyingine ile pale.”

“Mjomba, mtoe mama! Mtoe! Mkanda wa kiuno umepita mara moja tu!”

Utani ulimkauka mdomoni. Alisimama, akavuta kamba mara moja. Uko salama?

Kamba haikujibu.

Akavuta tena. Wote watatu waliitazama ile kamba kana kwamba ina mdomo. Ilikaa imetulia, ikiingia kwenye maji ya tope, haisemi kitu. Mapovu yalipanda kando ya nguzo, mengi kwa mpigo, kisha machache, kisha Sindano hakuyaona tena.

“Mama!” alipiga kelele kwa maji. “Mama, ni mimi!”

Mjomba alianza kuvuta, mkono baada ya mkono. Kamba ilikaza, ikagoma. Mwalimu aliishika nyuma yake, na Sindano nyuma ya mwalimu. Iligoma. Sindano alihisi ule uzito wa upande wa pili na akajua ni mama, na hakujua kama ni mama anayeishi. Kisha ghafla kamba ikalegea, ikaanza kuja.

Kwanza ulitokea mtungi. Ulikuwa umepanda hadi kisogoni kwa mama, umekaa upande. Kisha kikatokea kichwa. Mkono mmoja wa mama ulikuwa umelikamata bamba, na mwingine umekandamiza kidude cha kupumulia mdomoni. Mjomba alimdaka ngazini, akamvua mtungi, akamlaza kwenye mbao. Mama alikohoa na kutapika maji. Akakohoa tena. Kwa Sindano hapajapata kuwa na sauti tamu kama kile kikohozi.

Mama alijiinua, akaegemea kifua cha Mjomba.

“Kiuno kilifunguka,” alisema kwa taabu. “Mfuko ukapanda na mtungi, na uzito wangu unanivuta chini. Kidude kikanitoka mdomoni. Nikakipata, nikakishikilia. Nikakumbatia nguzo kwa miguu nisipotee. Nilisikia kamba inaniita, kaka, lakini mkono wa kujibu sikuwa nao. Mlipoikaza ndipo nikaiachia nguzo.” Akafumba macho. “Ningekungoja mpaka hewa iishe. Nani alikwambia univute?”

Mjomba alimtazama Sindano. Sindano alipiga magoti kwenye mbao zilizolowa.

“Ni mimi, mama. Niliukata mkanda kwa gauni, si kwa suti. Haukutosha kurudi. Nikaufunika kwa tyubu, halafu nikakwambia nimeurudisha.”

“Yaani wewe mtoto…!” Mjomba alianza. Mama aliinua mkono kumnyamazisha.

Mama alimvuta karibu, akamkumbatia na suti yake iliyojaa maji. Wakalia wote wawili. Mwalimu alijifanya anaikagua pikipiki yake.

“Sikiliza, mwanangu,” mama alisema baadaye, akiwa amefunikwa koti la Mjomba. “Mkanda mfupi ni kosa, lakini ni kosa la dukani. Unanunuliwa mwingine. Ungeniambia jana ningekugombeza, tungekula, tungelala. Ulipolificha, ukanivisha kosa lako mgongoni, nikazama nalo bila kujua. Leo umesema ukweli mbele ya watu, na ukweli huo ndio ulionivuta. Yote mawili umeyafanya wewe. Usisahau hata moja.”

“Sitasahau, mama.”

“Na mimi nina langu. Mpiga mbizi hukagua vifaa vyake kwa mikono. Mimi nilijipenyeza kwenye mkanda uliokwisha kufungwa, nikautazama kwa macho tu, kwa sababu nakupenda na nilikuwa nimechoka. Maji hayajui mapenzi wala uchovu.”

Wiki iliyofuata mama alileta mkanda mpya. Mara hii alivaa suti kwanza, akasimama katikati ya chumba huku jasho linamtiririka, na Sindano akafanya kazi kumzunguka. Alipenyeza kwenye bamba, akapima ngumi begani, akafika kiunoni. Ncha ya kulia ilipita kwenye bizimu, ikarudi, ikapita tena. Kipande cha tyubu alikiweka kando. Mkasi ulikuwa mezani na hakuugusa.

“Tayari?” mama aliuliza. “Naiva humu ndani.”

Sindano aliitazama kazi yake. Ilikuwa nzuri. Angeweza kusema ndiyo, na mama angefurahi. Lakini kibanio cha bega la kushoto kilikuwa kimesogea kidogo alipokivuta, au labda hakikusogea.

“Bado, mama,” alisema. “Hiki cha bega sina uhakika nacho.”

Mama alitabasamu, akateremsha mkono wake uliovaa glavu, akaulaza juu ya mkono wa Sindano.

“Hilo ndilo neno linalomrudisha mpiga mbizi nyumbani,” alisema. “Haya, tuvute wote.”

Wakavuta. Kibanio kikasogea.