Moshi Nyuma ya Mlima Meru

Gurudumu la mbele lilizama katika vumbi laini kama unga, usukani ukajipinda, na pikipiki ikawabwaga wote wawili ndani ya korongo kavu. Abdiel alirushwa mbele akaangukia bega. Yoeli, aliyepakiwa nyuma, hakurushwa. Alibaki chini, mguu wa kushoto umelaliwa na kilo mia mbili na hamsini za chuma, bomba la moshi likimuunguza shavu la mguu. Alipiga ukelele mmoja, kisha akauma mkono wa koti lake.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya mwaka sabini na tisa, silinda nne, injini ya ujazo wa cc elfu moja. Abdiel, mwalimu mstaafu wa Usa River, alikuwa nayo kwa miaka ishirini na saba, na Yoeli, fundi wa Makumira, ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kuigusa kwa spana. Wiki ile vifaa vya kabureta vilikuwa vimefika baada ya kusubiriwa miezi mitano. Yoeli alizifungua kabureta zote nne, akazisafisha, akazirekebisha mpaka injini ikatulia kwenye ngurumo moja. Abdiel hakuweza kungoja. Alimwomba wauzunguke mlima Meru, wapitie Ngarenanyuki, wakate nyika mpaka Oldonyo Sambu, warudi mjini kwa lami. Yoeli alisema lami peke yake ingetosha kuijaribu. Abdiel alicheka tu, akamvalisha kofia ngumu.

Sasa Abdiel alifunga koki ya mafuta kwa mkono mmoja, maana ule mwingine haukuinuka. Kuinyanyua pikipiki alishindwa mara tatu. Akapiga magoti, akaanza kuchimba mchanga chini ya mguu wa mwenzake kwa spana kubwa. Alichimba karibu saa nzima. Mguu ulipotoka, mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika na kutoboa ngozi, na nyama ya nyuma imeiva. Alikata tyubu ya akiba vipande virefu, akaufunga mguu kwenye kifuniko cha pembeni cha pikipiki. Tumbo la injini lilikuwa limepasuka juu ya jiwe. Oili yote ilikuwa imenywewa na mchanga.

Walikuwa na lita moja ya maji. Injini ile ilipozwa na upepo, haikuwa na hata tone la maji la kukinga. Simu hazikushika mtandao. Kupotea hawakupotea: Meru ulikuwa pale kusini, mkubwa, kila bonde lake likionekana, na nyuma yake kulikuwa na migomba na mito na nyumba zao. Abdiel alipanda ukingo akatembea kuelekea magharibi mpaka macho yakaanza kufanya giza. Hakuona boma wala mfugo. Akarudi akifuata nyayo zake mwenyewe.

Yoeli alikuwa amejiegemeza kwenye ukingo, midomo imekauka.

"Ichome," alisema.

"Nini?"

"Pikipiki. Matairi na kiti vitatoa moshi mweusi. Jua bado lipo, wataona."

Abdiel aliitazama. Tangi halikuwa na hata mkwaruzo. Alisema injini inatengenezeka, wachungaji hupita njia hiyo jioni, wangoje kidogo. Yoeli hakurudia.

Wachungaji hawakupita. Usiku ulikuwa wa baridi kali na Yoeli aliweweseka, akiagiza spana ambazo hazikuwepo. Kulipokucha maji yalikuwa yamekwisha, mguu umevimba hadi gotini, na harufu yake ilimfanya Abdiel ageuze uso. Hapo ndipo alipomburuta mwenzake mbali kwa kola ya koti, akarudi, akafungua koki, akaacha petroli imwagike juu ya kiti na matairi. Njiti ya tatu ya kibiriti ndiyo iliyowaka.

Moshi ulipanda mnene na mweusi. Rangi ya tangi ilitoka malengelenge, kioo cha taa kikapasuka, kabureta zikayeyuka zikadondoka kama nta. Abdiel alikaa kando ya Yoeli akashikilia mkono wake. Hakuamini kwamba kuna atakayekuja. Alikuwa anaomba tu Yoeli afe kabla yake, ili mwenzake asife peke yake.

Saa mbili hazikutimia. Mwanamke aliyevaa shuka la bluu alitokea ukingoni na punda watatu waliobeba madumu. Aliitwa Nosim, na boma lake lilikuwa kaskazini, upande ambao Abdiel hakwenda. Alimdondoshea Yoeli maji kwa kifuniko, kidogo kidogo, akamkataza Abdiel asinywe kwa pupa. Kwa Kiswahili chake kichache alisema ameona moshi akaja. Kisha akakimbia kuita wanaume, na baada ya adhuhuri wakabebwa na gari la mizigo la mnadani.

Hospitalini mguu ulikatwa juu ya goti. Daktari alimwambia Abdiel, bila kumlaumu, kwamba wangefika jana yake huenda ungepona.

Siku ya nne alikwenda wodini, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni. Anande, mke wa Yoeli, alikuwa akimnywesha mumewe uji. Alimkaribisha Abdiel kwa kumwita shemeji, akamshukuru. Alisema Yoeli amemweleza jinsi Abdiel alivyoichoma mali yake papo hapo, bila kusita, ili kumwokoa.

Yoeli alitazama dari.

Abdiel angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake.

"Si kweli, Anande," alisema. "Aliniambia niichome siku ile ile, jua likiwa bado juu. Nilikataa. Niliihurumia pikipiki."

Kijiko kilisimama hewani. Anande hakugeuka. Alichota uji tena, akaupuliza upoe, akaupeleka kinywani mwa mumewe, na Abdiel akabaki amesimama pale, maana hakuna aliyemwambia akae wala aondoke.