Machicha Si Chakula cha Mbwa

Cornelia alikuwa anachuja pombe ya ulezi nyuma ya nyumba. Ulikuwa mwezi wa sita, na upepo wa baridi ulivuma tangu alfajiri. Kesho yake majirani wangekuja kumsaidia kuvuna mahindi. Katika kijiji chao, karibu na Msanzi, anayealika watu shambani huwapikia pombe. Asipopika, atavuna peke yake.

Kila alipokamua, alitupa machicha kwenye karai kuukuu. Karai hilo lilikuwa la mbwa wao. Mbwa huyo aliitwa Watasema. Theodory, mume wa Cornelia, ndiye aliyempa jina. Alimleta nyumbani akiwa mdogo na mwembamba, majirani wakamcheka. "Watasema mpaka wachoke," Theodory aliwajibu.

Kwa muda wakachoka kweli. Watasema alikua akawa mlinzi mzuri. Nyani waliposhuka kutoka milimani, aliwafukuza mpaka wakavuka korongo. Lakini mwaka huu mambo yalibadilika. Watasema alikula machicha, akayumba, akalala juani. Nyani wakala upande wote wa juu wa shamba.

Cornelia alipoinua kichwa, alimwona jirani yao Ngeleja anakuja. Ngeleja ni Msukuma aliyehamia pale na ng'ombe wake. Kwa mkono mmoja alishika mkuki. Kwa mkono mwingine alishika maganda ya yai.

"Mbwa wako yuko wapi?" akauliza.

"Hata salamu, baba Sayi?"

"Salamu nimeiacha kwenye kiota cha kuku wangu, bhana. Nenda ukaiokote. Yuko wapi?"

Watasema alikuwa amelala kando ya karai. Kidevu chake kilikuwa na ute wa yai uliokauka.

"Huyo hapo," Ngeleja akasema. "Ananiibia mayai, halafu anakuja kulala kama mwenyekiti. Nimeshapeleka habari kwa balozi wa nyumba kumi. Nikimkuta tena kwangu, namchoma. Nakuambia mchana, ili usije ukasema nilimvizia."

Theodory alikuwa anatoka shambani. Alisikia maneno hayo.

"Mchome," akasema. "Hana kazi. Nyani wanamkanyaga mkia anawaangalia tu."

Cornelia alitupa kichujio chini.

"Nyinyi wanaume wawili," alisema, "tangu ng'ombe walipoingia kwenye maharage yetu hamjapatana kwa neno hata moja. Leo mmepatana. Na neno lenyewe ni kuua."

Ngeleja akaondoka. Jioni Cornelia alishika rozari, akaanza kusali. Hakufika mbali. Kila alipotaja jina la Mama wa Mungu aliuona ule mkuki. Akaiweka rozari chini. Aliona haya kusali huku meno yameumana.

Asubuhi watu wakaja kuvuna. Walipopumzika kunywa, Watasema alitoka nyuma ya nyumba. Miguu yake ilipishana. Akatapika povu mbele ya watu wote, kisha akaanguka.

Watu wakacheka. "Huyu katutangulia," mmoja akasema. "Mpeni kiti, mzee amezidiwa."

Ambaye hakucheka ni Emerensiana. Yeye alikuwa mtaalamu wa mifugo. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, naye alipunguzwa. Sasa alikuwa na duka lake la dawa za mifugo pale Msanzi, na alizunguka vijijini kwa baiskeli kuchanja kuku. Siku hiyo alikuwa anapita njia. Aliegemeza baiskeli ukutani, akamgusa mbwa tumbo, akafunua ufizi wake. Kisha akalichukua karai lililokuwa nyuma ya nyumba, akalinusa.

"Nani amempa hii?"

Watu wakamgeukia Cornelia.

"Mimi," Cornelia akasema. "Ni machicha tu."

"Unampa mara ngapi?"

"Nikipika pombe. Karibu kila wiki."

"Basi hapa hamna mlinzi. Mna mlevi, na mmemfundisha wenyewe." Emerensiana alimwaga machicha chini, akayafukia kwa mguu. Sauti yake ilikuwa ya ukali. "Machicha bado yana kilevi. Mwili wa mbwa ni mdogo, hauwezi kupambana nacho. Anayumba, anatapika. Siku moja atalala asiamke. Halafu mtasema amerogwa."

Theodory alikohoa. "Dada, mbwa akishiba anakuwa mvivu. Ndivyo tulivyokuta. Njaa ndiyo inayomfanya awe mkali."

"Sasa huyu ni mkali?"

Theodory akamtazama Watasema.

"Njaa imemfanya mwizi," Emerensiana akaendelea. "Mwili wake unatafuta nguvu, anaifuata kwenye mayai ya watu. Leo mpeni maji safi tu. Kesho mpeni ugali laini, kidogo kidogo. Akipata nafuu apate ugali na dagaa kila siku. Dagaa wa chumvi waosheni kwanza. Mifupa iliyopikwa msimpe, inavunjika kama sindano na kumchoma utumbo. Na mleteni nimchanje kichaa cha mbwa. Nimetangaza mpaka nimechoka."

"Na mayai?" Cornelia akauliza. "Jirani ameapa kumchoma."

"Akishiba, mfundishe. Mbwa anafundishwa kwa zawadi ndogo. Akiitwa akaja, anapewa. Akiacha kitu ulichomkataza, anapewa. Mtengenezee vipande vya boga na karoti."

Theodory akacheka, lakini si kwa furaha. "Watu wazima hapa wanakula ugali na maharage. Mbwa apikiwe keki?"

Emerensiana akamgeukia.

"Kaka, nyani wamekula upande mzima wa shamba lako. Hao uliwapikia wewe? Sisemi mnyime mtu chakula. Nasema lile boga lililopasuka pale mlangoni. Nasema karoti zilizopinda. Siku hizi wanunuzi wanaokuja na malori wanachagua karoti kama wanachagua mchumba. Wanazokataa zinawaozea bustanini. Na viazi vitamu vilivyokatwa na jembe, mnavifanyia nini?"

"Tunawapa nguruwe," Theodory akasema kwa sauti ndogo.

"Nguruwe watakusamehe."

Watu wakacheka tena. Safari hii walimcheka Theodory.

Emerensiana akamweleza Cornelia polepole. "Menya boga na viazi vitamu. Chemsha pamoja na karoti ulizokata ndogo. Usiweke chumvi, wala sukari, wala mafuta. Kitunguu usithubutu, hata kitunguu saumu. Kinaharibu damu ya mbwa. Vikiiva, mwaga maji, ponda. Vikipoa, changanya na unga wa mahindi mpaka upate donge gumu. Unga uwe mzima. Mahindi yenye ukungu ni sumu kwa mbwa na kwa watu."

"Niongeze yai ili donge lishike?"

"Yai lililopikwa si baya kwa mbwa. Lakini huyu wako ni mwizi wa mayai. Usimkumbushe."

Cornelia akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Tandaza donge liwe jembamba," Emerensiana akasema. "Kata vipande vidogo kama harage. Oka kwenye sufuria kavu, moto mdogo chini, makaa machache juu ya mfuniko. Kisha uanike mpaka vikauke kabisa. Hapo kwenye kukausha, muulize mama Sayi. Anakausha viazi kuliko mtu yeyote hapa."

Tabasamu la Cornelia likaisha. Mama Sayi ni Kabula, mke wa Ngeleja.

"Nitakausha mwenyewe," akasema.

Watasema alipopona, Cornelia akapika. Alioka vipande, akavianika kidogo, akavitia kwenye kopo akafunika. Baada ya siku chache alifungua. Harufu mbaya ikamjia. Vipande vilikuwa vimeota manyoya ya kijani. Akavifukia chini kabisa ili mbwa asivifukue. Alijikasirikia. Boga zima lilikuwa limeharibika kwa sababu hakutaka kuvuka njia.

Siku ileile Ngeleja alipita na ng'ombe wake. "Nimemwona mbwa wako kwenye uzio wangu," akasema bila kusimama. "Hakuingia. Angeingia tungekuwa tunazungumza mengine."

Cornelia akajifunga kitenge, akaenda. Njiani alisali sala fupi. Alimwomba Mungu amwondolee kiburi kwa muda wa saa moja tu. Zaidi ya hapo alijua ni kazi kubwa.

Kabula alikuwa anakata viazi vitamu vilivyochemshwa. Alimwona mgeni, akaendelea kukata.

"Mwangaluka," Cornelia akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umekuja kuomba nini?"

"Unifundishe kukausha. Vipande vya mbwa vimeota ukungu."

Kabula akaweka kisu chini.

"Kuku wangu bado anaatamia maganda," akasema. "Na mimi nikufundishe kumtengenezea mwizi vitamu? Sikiliza, mama Salome. Tangu tumehamia hapa hujawahi kukaa kwenye kigoda changu. Kanisani tunapotakiana amani, unanipa vidole viwili, kama unagusa sufuria ya moto. Leo umekuja. Umekuja kwa ajili ya mbwa."

Maneno hayo yalimchoma Cornelia. Alitaka kujibu kwamba ng'ombe wao waliingia kwenye maharage. Alifungua mdomo, akaufunga. Vidole viwili vilikuwa kweli.

"Ni kweli," akasema. "Nisamehe. Na kuku wangu akianza kutaga, mayai ni yako."

Kabula akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa. Shika kisu. Anayejifunza kwangu hafundishwi amesimama."

Wakakata pamoja. Kabula alimwonyesha matobolwa yake, yaani viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, vikakaushwa. Vilikuwa vimetandazwa juu ya kichanja, kipande kimoja hakigusi kingine.

"Usianike chini," akasema. "Chini kuna unyevu na kuku. Mchana vigeuze. Jua likianza kushuka viingize ndani, umande wa huku ni maji kabisa. Kesho vitoe tena. Chukua kipande ukivunje. Kikipinda, rudisha juani. Kikilia 'ka', kimekauka. Vipoe kwanza, ndipo ufunike. Ukivifunika vya moto vinatoa jasho, jasho ndilo linaleta ukungu."

"Mimi nilivifunika vya moto."

"Basi ulipanda ukungu mwenyewe."

Cornelia akapika tena. Safari hii vipande vililia "ka" vilipovunjwa. Watasema alikipokea cha kwanza kwa wasiwasi. Akakitafuna, akakaa chini, akangoja kingine.

"Vichache tu," Emerensiana alimkumbusha alipokuja kumchanja. "Hii ni zawadi, si chakula. Chakula chake ni kilekile, ugali na dagaa."

Cornelia alimfundisha kila asubuhi, mbwa akiwa ameshakula. Alimwita kwa jina mara moja. Akija, kipande. Akichelewa, hapati, na hapigwi. Alipozoea, Kabula akasema, "Mlete kwangu. Kuku wako huyu mbwa anawajua, hawagusi. Afundishwe mbele ya kuku wangu."

Kwa hiyo wakamfundishia pale pale, kamba shingoni, karibu na kibanda cha kuku. Baadaye wakajaribu bila kamba.

Hapo ndipo Ngeleja aliporudi kutoka malishoni. Alimwona Watasema amesimama mbele ya kiota. Ndani ya kiota kulikuwa na yai. Ngeleja hakuuliza. Aliinua mkuki.

"Baba Sayi, ngoja," Kabula akasema.

"Nilishasema."

Cornelia alitaka kupiga kelele. Lakini alikumbuka kwamba mbwa anayepigiwa kelele hukimbia, na akikimbia mkuki utamfuata. Akameza hasira yake yote, kwa Ngeleja, kwa Theodory, kwa nafsi yake.

"Watasema," akaita kwa sauti ya kila siku.

Mbwa aliangalia yai. Alilinusa. Sikio moja likageuka. Kisha akaliacha yai, akaja mbio, akakaa mbele ya Cornelia. Cornelia akampa kipande.

Ngeleja alibaki ameshika mkuki juu. Polepole akaushusha.

"Hebu mwite tena," akasema.

Cornelia akamrudisha mbwa karibu na kiota, akamwita tena. Watasema akaja tena.

"Kwa hiyo mkuki wangu hauogopi," Ngeleja akasema. "Anaheshimu boga."

"Hata wewe unaheshimu boga," Kabula akamwambia. "Weka mkuki ndani, boga lako limeiva."

Mwaka uliofuata nyani walishuka kama kawaida. Watasema alikuwa macho. Aliwafukuza mpaka ng'ambo ya korongo, na Theodory akavuna mpaka upande wa juu wa shamba. Theodory bado anasema mbwa hastahili keki. Lakini Cornelia anapofua koti lake hukuta makombo ya boga mfukoni. Machicha sasa yanakwenda kwenye shimo la mboji, na shimo limewekewa uzio. Ngeleja naye ana mbwa wawili wa kuchungia. Kopo lao la vipande Kabula analijaza mwenyewe.

Wanaume hao wawili bado wanagombana juu ya ng'ombe na maharage. Hilo linahitaji uzio mwingine, na maombi zaidi.

Lakini Jumapili moja kanisani, watu walipotakiana amani, Kabula alinyoosha mkono wake. Cornelia aliushika wote, akaubana. Ulikuwa unanukia boga lililookwa, na wa kwake pia.